Bwana Mifugo Aliyetufundisha Kihispania

Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, sikuwahi kumwuliza, na ningemwuliza angenisahihisha swali badala ya kulijibu. Ninachojua ni kwamba alikuja Kasulu kutoka pwani, na barua ya uhamisho mfukoni, kabla mimi sijaota ndevu, na kwamba miaka ya tisini ilipofika alikuwa bado anajiita mgeni. Watu wa mjini walimwita Bwana Mifugo, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya katika idara ya mifugo ya wilaya. Sisi tuliosoma kwake jioni tulimwita Mwalimu. Mwenyewe aliitika yote mawili kwa sauti ileile.

Alitufundisha Kihispania. Najua msomaji anarudi nyuma kuhakikisha kama amesoma vizuri. Amesoma vizuri. Pale Kasulu penye mihogo na maharage, mahali ambapo wengi wetu Kiswahili chenyewe tulikikuta shuleni baada ya Kiha cha nyumbani, watu tisa walikaa kila Jumanne na Alhamisi jioni kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yakigusa videvu, wakijifunza lugha ambayo mwenyewe wa karibu alikuwa ng'ambo ya bahari mbili. Nikisimulia kwenye pombe huwa tunakuwa arobaini. Hapa naandika, kwa hiyo tisa.

Mimi nilifika kwake kwa bahati tu. Nilikuwa nasomea kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtihani nilioufanya mara nyingi mpaka nadhani msahihishaji alianza kunisalimia, na siku moja mwalimu wetu wa Biolojia hakuja. Chumba cha pili palikuwa na mtu mwembamba mwenye shati la mikono mirefu, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, anamwambia mama mmoja ampe muhogo, na mama anampa, na yeye anamrudishia, na mama anampa tena. Nilikaa nione mwisho wake. Nilikaa miaka mitatu.

Lugha hiyo aliipata Kuba, serikali ilikompeleka akiwa kijana, pamoja na vijana wengine, kusomea mambo ya mifugo kwa miaka mitatu. Alirudi na vitu vitatu: desturi ya kunywa kahawa nyeusi kama lami, kofia ya majani iliyokuwa imebaki ukingo tu, na cheti. Cheti ndicho kilichokuwa shida ya maisha yake. Kilikuwa kimeandikwa Kihispania tangu juu hadi chini, na katika wilaya nzima hapakuwa na mtu wa kukisoma isipokuwa mwenye nacho. Faili lake la kazi lilisema yeye ni Mganga wa Mifugo, na lilisema hivyo kwa kutegemea karatasi ambayo hakuna ofisa aliyeielewa.

Hilo halikumsumbua mtu mpaka serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi. Ikaja barua: kila mwenye cheti cha lugha ya kigeni alete tafsiri, iliyosainiwa na kugongwa muhuri na mtu mwingine anayejua lugha hiyo, na asiyeleta ahesabiwe kuwa hana cheti. Asiye na cheti alikuwa anajua anakokwenda. Bwana Mifugo alienda kwa mkuu wa idara yake akamwambia yuko tayari kukitafsiri papo hapo, akisimama.

"Mzee, huwezi kujitafsiria," mkuu akasema.

"Basi nitafutie mwingine."

"Nimtoe wapi mimi mtu wa Kihispania? Hapa hata wa Kiingereza namtafuta kwa tochi."

Wakaandikiana, wakaongezeana muda. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimshauri akitume Dar es Salaam kwa posta, huko kuna balozi na watu wa kila lugha. Bwana Mifugo akamwuliza kama yeye mkuu angeweza kuituma Kigoma pua yake kwa posta ikaangaliwe mafua. Yaani cheti hakitoki mkononi. Kikawa kinakaa ndani ya bahasha kubwa ya picha ya eksirei, ya hospitali, na ndani ya bahasha hiyo picha yenyewe ilikuwamo bado, mbavu za mtu tusiyemjua, ili cheti kisikunjike.

Darasa alilianza kabla ya barua hiyo, hilo nilitaje kwa haki. Hakutufundisha ili apate mtafsiri. Alitufundisha, nadhani, kwa sababu alikuwa amechoka kuongea na ng'ombe. Kwani ng'ombe aliwasemesha Kihispania. Alidai ng'ombe wa huku wamezoea kutukanwa kwa Kiha kiasi kwamba hawasikii tena. Nimewahi kumwona kijijini Heru Juu, dume limekataa kuingia kwenye kibanio cha chanjo, wanaume sita wanalisukuma na kulilaani, yeye amesimama mbali, mbali kabisa, nyuma ya ua wa mtu, analibembeleza kwa Kihispania. Dume likaingia. Wanaume wale walimwogopa tangu siku hiyo. Alikuwa na woga wa mafahali ambao hakuuficha, na maziwa hakunywa, alisema yananuka ng'ombe mwenyewe. Na huyo ndiye aliyekuwa bwana mifugo wetu. Mtu wa pwani asiyekula samaki pia, ukitaka kujua yote.

Somo lake, ukiondoa salamu na siku za wiki, lilikuwa moja: maneno yale madogo ya mtu na kitu. Sarufi nyingine tuliipata njiani kama vumbi. Siku nilipoingia mara ya pili, alinigeukia.

"Wewe. Juzi ulimpa jirani yako kalamu?"

"Nilimpa, Mwalimu."

"Ulimpa nini?"

"Kalamu."

"Mbona husemi? Umesema 'nilimpa', ukanyamaza. Mimi nikadhani umempa ndui."

Ndivyo alivyotueleza. Kiswahili, ukisema nimempa, mtu yumo ndani ya neno lakini kitu hakimo, msikilizaji akibuni. Kihispania kinataka vyote viwili, tena kabla ya kitendo. *Te lo doy*: *te* ni wewe, *lo* ni hicho kitu, *doy* ndiyo natoa. "Kiswahili," alisema, "ni baiskeli ya karia moja. Ukimpakia mtu, gunia lishuke. Hawa wenzetu wanapakia mtu na gunia, mtu anatangulia, gunia linamfuata, mwenye baiskeli anakuja mwisho."

Hapo yule mama wa muhogo akanyoosha mkono. Jina lake Jenerosa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni, akaolewa huku na Muha, akawa anauza unga wa muhogo sokoni Kasulu, na kila siku ya darasa alitembea kutoka Heru Juu na kurudi. Alikuwa na kichwa cha kutisha. Neno akilisikia Jumanne, Alhamisi analo limepigwa pasi.

"Mwalimu," akasema, "mbona kwetu tunapakia vyote?"

"Kwenu wapi?"

"Kirundi. Tunasema *ndakimuhaye*. Kitabu kimo, mtu yumo."

Mwalimu akamwomba arudie. Akaandika ubaoni, akakata vipande kama mtu anayegawa kuku: *nda*, *ki*, *mu*, *haye*. *Ki* ni kitabu. *Mu* ni mtu. Sisi Waha tukaanza kupiga kelele kwamba hata kwetu ni vivyo hivyo. Alitutazama mmoja mmoja.

"Na mlikuwa nayo siku zote hizi mmenyamaza," akasema, kana kwamba tumeficha ng'ombe wa serikali.

Toka siku hiyo darasa lilipinduka. Palikuwa na watumishi wawili wa kuhamia, nesi mmoja na karani wa mahakama, watu wa mikoa ya mbali, waliokuwa wakitucheka tunavyokivuta Kiswahili. Sasa wao ndio waliokuwa nyuma. Karia yao ilikuwa moja. Karani wa mahakama aliacha baada ya mwezi, akasema lugha hii inapendelea watu wa mpakani.

Kuna jambo la *le* na *lo* ambalo nalo lilitupa taabu. *Le* ni yeye, *lo* ni hicho, lakini wawili hao hawasimami pamoja. Wakikutana, *le* anabadilika anakuwa *se*. Nesi akauliza kwa nini.

"Waligombana zamani," akajibu Mwalimu. "Sisi ni wageni, tusiingilie."

Utaratibu wake wa kufundisha ulikuwa huu: hakuna kusema natoa kama hutoi. Ukifungua mdomo kusema nakupa, mkono uwe umeshatoka na kitu. Mkono ukichelewa, sentensi haihesabiki, anza upya. Alianza kwa muhogo wa kuchemsha, ukipita kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu. Ulipofika dawati la sita akauliza *lo* iko wapi.

"Imeliwa, Mwalimu."

"Na nani?"

Kila mtu akamtaja aliyetangulia. Wiki iliyofuata akaja na koleo ya idara, ile ya kuhasia madume, chuma kizito cha urefu wa mkono. Hiyo hakuna aliyeila. Tuliipokezana miaka mitatu, na nitakuapia kwamba hakuna koleo duniani iliyowahi kutolewa na kupokelewa kwa heshima kama ile. Maana huku kwetu kitu hakitupwi tu kwa mtu. Unampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeushika kiwiko, na anayepokea kwanza anapiga makofi mawili matatu laini, anainama kidogo, ndipo anashika. Kwa hiyo kila sentensi ya Kihispania katika darasa letu ilikuwa na makofi ndani. *Me lo das*, unanipa hicho, pa pa, inama, pokea. *Se lo doy*, nampa hicho, geuka, pa pa, inama. Mwanzoni Mwalimu alituharakisha. Alisema tukiendelea hivyo tutafika wakati uliopita tukiwa wazee. Baada ya mwaka nilimwona naye anapiga makofi, bila kujijua, kabla ya kuchukua chaki.

Kusifu hakusifu. Jenerosa alipoandika ukurasa mzima bila kosa, aliandika chini yake: *Nimesoma.* Mimi aliniandikia zaidi, kwa kuwa nilikuwa na ugonjwa wangu. Siwezi kuona sentensi imekaa peke yake bila kuiongezea kitu. Alitupa ya kutafsiri: mtu aliuza mbuzi. Nikaandika kwamba tajiri mmoja aliuza mbuzi wengi sana sokoni. Pembeni akaniandikia kwa kalamu nyekundu, "Wengine umewatoa wapi?" Hiyo kalamu nyekundu alitembea nayo mfuko wa kifua hata siku za chanjo. Nilishamwona akisahihisha tangazo la minada lililobandikwa ukutani mwa boma, watu wamesimama nyuma yake wanasubiri amalize wasome.

Na bado mtu huyo, aliyetukatia masikio kwa irabu moja, darasani hakuwahi kumaliza hadithi yake hata moja. Utasikia, "Kule Kuba tulikuwa na jogoo la bweni..." halafu anaangalia dirishani, anasema fungueni daftari. Miaka mitatu nimesoma kwake, lile jogoo sijui lilifanya nini. Kuhusu masomo yake kule ndiyo kabisa. Tukimwuliza alisomea kitu gani hasa, alisema "Mifugo," na ukiuliza mifugo gani, alisema "Yenye miguu minne," na kalamu nyekundu inatoka.

Basi wakimbizi wa Burundi walipojaa upande wa Kibondo, yakaja mashirika ya kila aina, na moja likawa la madaktari kutoka Uhispania penyewe. Likabandikwa tangazo stendi ya Kasulu: wanatafuta wakalimani wa kuzungumza na wagonjwa. Nadhani waliobandika hawakutegemea mtu. Mimi na Jenerosa tulidandia lori la maharage. Mwalimu hakuja, alisema yeye ni mtumishi wa serikali, ila alikuja stendi kutukagua kucha.

"Mtu mbele," akasema lori likiondoka. Kwaheri hakusema.

Aliyetuhoji alikuwa daktari mwanamke, pua imechomwa na jua mpaka imeambuka, amekaa nyuma ya meza ndani ya hema. Akaanza na Jenerosa. Akamwambia kwa Kihispania: nina dawa, na mama mgonjwa yuko pale, sema ninafanya nini. Jenerosa akasimama. Akatafuta dawa mezani, dawa hakuna. Akachukua miwani ya daktari iliyokuwa juu ya makaratasi, akaibeba kwa mikono miwili hadi mlangoni alikosimama mlinzi, akasema *se las da*, *las* kwa kuwa miwani kwao ni ya kike tena ni miwili, akampa. Mlinzi yule alikuwa Muha wa Kibondo, kalelewa vizuri. Akapiga makofi, akainama, akapokea, akaitia mfukoni.

Daktari akabaki amekodoa, na bila miwani alikuwa anakodoa kwelikweli. Akaja kwangu. Akaniambia: una barua, ni ya kwangu, sema. Ningesema tu. Lakini ulimi wangu ulikuwa umefundishwa kusubiri mkono. Nikazoa mezani kilichokuwapo, kibao cha kalamu na muhuri juu yake, nikampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto kiwikoni. *Se la doy*, *se* ya heshima, na *la* kwa kuwa barua kwao ni ya kike. Nikamsubiri apige makofi. Alipoona simwachii, akapiga.

Kwa mahojiano yale meza ilibaki mbao tupu. Daktari aliandika kwenye daftari lake kwamba watu wa nchi hii hawawezi kutaja kutoa bila kutoa, na nasikia kila Mhispania mpya aliyefika kambini alionywa aweke saa yake mbali kabla ya kuongea na mkalimani. Alitaka kujua tu nani katufundisha, maana, alisema, tunaongea kama watu wa mashamba ya miwa ya Kuba. Tulimtajia. Tukaajiriwa wote wawili.

Tulipokwenda Kasulu kumweleza Mwalimu, alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Daktari ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Na mama mgonjwa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na *le* ikawa *se*, hata kwa wanawake?"

"Ikawa," akajibu Jenerosa.

"Basi," akasema.

Lakini sasa, kwa mara ya kwanza, palikuwa na watu wawili katika upande wetu wa nchi walioweza kukisoma cheti chake, na wote walikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na muhuri. Nilimkumbusha siku ileile. Akasema hakuna haraka. Barua ya pili ya kupunguza wafanyakazi ikaja, hakuna haraka. Ya tatu ikataja siku ya mwisho ya kuleta tafsiri.

Alikuja Kibondo zikiwa zimebaki siku nne. Ilikuwa mchana, jua kali, na alishuka kwenye lori la unga, mweupe toka kichwani hadi viatuni, vifungo vyote vimefungwa, bahasha ya eksirei imekumbatiwa kifuani. Ili anifikie mimi ilimbidi apite meza ya Jenerosa. Mimi niliyaona yote kutoka ndani.

"Shikamoo Mwalimu. Umekileta? Lete nikutafsirie sasa hivi."

"Marahaba. La, nina mtu wangu."

"Nani?"

Akaninyooshea kidevu. Jenerosa akageuka kunitazama, akacheka hadi akashika meza.

"Huyu muongo? Sha, basi ng'ombe wa Kasulu wamekwisha."

Mwalimu akampita. Akaingia, akakaa, akatoa kwanza zile mbavu za mtu, akaziegemeza kwenye kiti, kisha cheti. Karatasi nzito yenye ngao ya rangi juu. Nikaanza kusoma. *Se le otorga*, kilianza, yaani anapewa, na yule *le* ndiye huyu aliyekaa mbele yangu amejaa unga. Nikafika mstari wa kitu alichopewa. Nikausoma mara mbili.

Hakikuwa cheti cha uganga wa mifugo. Kilisema amemaliza kozi ya miezi tisa, amekuwa fundi wa kuwapandisha ng'ombe mbegu kwa mrija, bila dume. Wenyewe wa idara wanaita uhimilishaji.

"Mwalimu," nikasema, "hapa pameandikwa..."

"Najua palivyoandikwa. Nilikuwapo wakinipa."

"Lakini ulikaa kule miaka mitatu."

"Mwaka wa lugha. Mwaka wa kukata miwa, kila mtu alikata. Uliobaki ndio huo."

"Na faili?"

Akajifuta unga usoni kwa leso, taratibu. Akanieleza, na hiyo ndiyo hadithi pekee niliyowahi kumsikia akiimaliza. Aliporudi nchini, karani wa ajira alikigeuza cheti juu chini, akashindwa, akamwuliza ulisomea nini. Akasema mifugo, maana lile neno lenyewe, na kazi yenyewe inavyofanywa, mkono mzima ndani ya ng'ombe mpaka begani, kijana wa pwani hawezi kulieleza mbele ya makarani wa kike. Karani akaandika Mganga wa Mifugo.

"Hukumsahihisha?"

"Nilikuwa kijana. Na alikuwa ameshaandika kwa wino."

Nje watu walikuwa wanaitwa majina kwa ajili ya dawa.

"Sasa niandikeje?" nikauliza.

"Wewe ndiye mtafsiri," akasema, akaangalia pembeni, kwenye ile picha ya mbavu.

Hapo nikaelewa kwa nini mimi. Jenerosa alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, hodari mara kumi kuliko mimi kwa kila kitu, na mtu aliyepanda lori kutwa nzima na kazi yake imebaki siku nne amempita akaja kwa yule wa mbuzi wengi. Sikukasirika. Ukweli nilifurahi. Kipaji changu kilikuwa kimepata kazi hatimaye. Nikavuta karatasi, nikaandika kwamba mwenye cheti hiki amehitimu stashahada ya Mganga wa Mifugo, baada ya masomo ya miaka mitatu, na nikaongeza kwamba amefaulu vizuri sana, kwa kuwa hakuna aliyesema hakufaulu. Mkono wangu haujapata kwenda laini namna ile. Nikachukua muhuri.

"Ngoja," akasema. "Nisome."

Akavaa miwani. Na mkono wa kulia, sidhani kama aliuagiza, ukaenda mfuko wa kifua. Alisoma kutoka juu kabisa. Akaniwekea mkato pale jina lilipoishia. Akasahihisha "stashahada", nilikuwa nimekosa herufi. Akafika kwenye mstari. Kalamu ilisimama juu yake bila kugusa, na ilisimama muda mrefu, mrefu kiasi kwamba waliokuwa wakiitwa nje walifika herufi nyingine. Kisha akapiga mstari juu ya Mganga wa Mifugo. Akapiga juu ya miaka mitatu. Akapiga juu ya vizuri sana.

"Andika upya," akasema. "Karatasi safi."

"Mwalimu, watakupunguza."

"Hiyo ni kazi yao. Hii ni yako."

"Si ungempa Jenerosa basi?"

"Jenerosa angeandika kilichoandikwa."

"Na mimi?"

"Wewe umeandika nilichokijia." Akanisogezea karatasi. "Nimekisoma. Hakisomeki."

Nikaandika upya. Fundi mhimilishaji, miezi tisa. Akaisoma, hakukuta cha kugusa. Nikagonga muhuri, nikasaini, akaviingiza vyote katika bahasha, cheti na tafsiri na mbavu, akaenda kusimama barabarani kungoja gari la kurudi. Chai alikataa. Jenerosa alimpelekea maji, akanywa amesimama.

Orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa mwezi uliofuata kwenye ukuta wa boma, Kasulu. Mimi nilikuwa kambini. Jenerosa alikuwa amekwenda nyumbani kwa maziko ya shemeji yake, akapita pale, akamkuta Bwana Mifugo kwenye kundi la watu, yuko mbele. Jina lake lilikuwa la nne. Pembeni mwa jina, kwenye safu ya cheo, pamepigwa taipu: Fundi Mhimilishaji. Jenerosa anasema alisogeza miwani, akausoma mstari wake, akausoma tena, na kalamu haikutoka mfukoni. Halafu akaingia ndani kwa karani, akauliza kama anaweza kupata nakala ya orodha ile.